Pikapu, Trekta na Tela la Ng'ombe: Pima Uzito Kabla ya Kuunga



Masika yakiisha na njia za bondeni zikaanza kukauka, kuna swali ambalo hutufikia kutoka maboma mengi, kuanzia Idete na Namwawala, kupanda Mngeta, hadi ng'ambo ya mto kule Lupiro na Malinyi: "Pikapu yangu ina nguvu. Nikinunua tela kubwa, nitaweza kubeba ng'ombe kumi kwa mara moja?" Mara nyingi anayeuliza ameshachagua ng'ombe wa kuuza ili apate fedha za tela. Kwa hiyo swali linahusu zizi la familia nzima. Tela lisilolingana na gari litakula ng'ombe waliouzwa kulinunua, kisha litakula na wale litakaowabeba.

Watu wengi huanza kwa kuangalia injini. Injini ndiyo ya mwisho kuangaliwa. Karibu kila pikapu inaweza kuling'oa tela zito kwenye barabara tambarare ya Ifakara na kuondoka nalo. Maswali yanayoamua ni mawili: uzito kiasi gani utakaa juu ya kiungio, na breki za nani zitalisimamisha tela.

Jambo hili umeshalijua kwa maksai

Aliyewahi kufunga maksai kwenye mkokoteni anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Ukipanga magunia mengi nyuma ya ekseli, mkono wa mkokoteni unanyanyuka, nira inapanda na kamba zinakaba koo la ng'ombe. Ukiyajaza yote mbele, nira inakandamiza shingo, maksai wanainamisha vichwa na baada ya muda mfupi wanagoma. Mzigo mzuri ni ule unaoegemea mbele kidogo tu.

Gari nalo liko hivyo hivyo, ila halina koo la kulia. Tela likiegemea nyuma, linanyanyua mkia wa gari, na mwendo ukiongezeka linaanza kuyumba kushoto na kulia hadi linalipindua gari. Likiegemea mbele mno, mkia wa gari unashuka, pua inapanda na usukani unakuwa mwepesi kama gari liko kwenye tope. Usukani ukiwa mwepesi ujue matairi ya mbele hayashiki barabara.

Kipimo kinachotumiwa na mafundi wengi ni hiki: kwa tela linalounganishwa nyuma ya gari, uzito unaokaa kwenye kiungio uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Tela la kilo 2,000 liegemee gari kwa kilo 200 hadi 300.

Hesabu ya ng'ombe kumi

Ng'ombe wetu wa asili akiwa mzima huwa na kilo 200 hadi 350 hivi. Maksai walionenepa wa kupeleka sokoni tuwachukulie kuwa na kilo 300 kila mmoja. Usikisie kwa macho ikiwa mnadani kwenu kuna mizani, au afisa mifugo ana utepe wa kupimia kifua. Ng'ombe kumi ni kilo 3,000. Tela la chuma lenye kuta imara za kuzuia ng'ombe, likiwa tupu, linaweza kufika kilo 1,200. Jumla kilo 4,200, kabla ya maji, majani na vijana wawili waliodandia.

Sasa fungua kitabu cha gari lako, au soma kibati chake. Kwa matoleo mengi ya karibuni ya Toyota Hilux ya dizeli na ya Land Cruiser ya pikapu, kikomo cha juu cha kuvuta ni kilo 3,500. Magari ya zamani yako chini ya hapo, mengine mbali sana. Kwa hiyo ng'ombe kumi wameshakataliwa. Ng'ombe sita watakupa kilo 3,000 pamoja na tela, na hao wanaingia.

Lakini usishangilie bado. Hizo kilo 3,500 ni kwa tela lenye breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki, kikomo cha magari hayo hayo ni kilo 750 tu. Matela mengi yanayochomelewa mitaani hayana breki. Tela dogo la kilo 400 likibeba ng'ombe wawili lina kilo 1,000, tayari limepita. Hapa ndipo wengi hukunja uso, kwa sababu wamezoea kuona magari yakivuta mara tatu ya hapo na kufika salama. Yanafika siku zile ambazo hakuna mtoto aliyekatiza barabara.

Fikiria unashuka kutoka Mahenge kuja Lupiro. Pikapu ya tani 2 na tela la tani 3 lisilo na breki: breki zilizotengenezwa kusimamisha gari moja sasa zinasimamisha tani 5, tena kwenye mteremko. Breki zikipata moto zinapoteza nguvu, na kanyagio linakwenda chini bila jibu. Ukumbuke pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuusimamisha mzigo inahitajika mara nne. Mwenye kwenda kilomita 60 kwa saa hana shida mara mbili ya mwenye 30. Ana shida mara nne.

Kwa hiyo ukinunua tela la ng'ombe, fedha ya breki iwe kwenye bei tangu mwanzo. Usiruhusu fundi akuambie "tutaweka baadaye."

Tela lenye shingo, linalokaa ndani ya pikapu

Huenda vijana wamekuonyesha kwenye simu picha za wafugaji wa Marekani wanavuta ng'ombe wengi kwa pikapu moja. Tela lao halifungwi kwenye bampa. Lina shingo inayopanda na kutua ndani ya bodi la nyuma la pikapu, juu ya ekseli. Ni mtindo ule ule wa semi zinazopita barabara kuu ya Mikumi na Morogoro, ambapo kichwa cha lori kina sahani ya chuma mgongoni na tela linaikalia kwa pini.

Mtindo huu una faida ya kweli. Mzigo unatua juu ya matairi ya nyuma, haukai kwenye mkia. Tuseme gololi ya kuvutia iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli mbili za gari kuna mita 3.1. Ukiweka kilo 300 kwenye gololi hiyo, ekseli ya nyuma haipati 300, inapata karibu 416, kwa sababu mkia unafanya kazi kama mtarimbo na kuiondolea ekseli ya mbele kilo 116. Kiungio kikikaa juu ya ekseli, au mbele yake kidogo, hasara hiyo inaondoka na tela haliyumbi ovyo.

Lakini mtindo huo una bei yake. Tela la shingo huegemea gari kwa asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake. Rudi kwenye ng'ombe wetu kumi na kilo 4,200. Asilimia 20 ni kilo 840 ndani ya bodi. Pikapu yako inaruhusiwa kubeba kilo 1,000 hivi kwa jumla. Ondoa dereva na watu wanne, kilo 350. Zimebaki 650. Hapo hujatia pipa la mafuta wala tairi la akiba. Pikapu imeshazidiwa kabla tela halijasogea hata hatua moja.

Wamarekani unaowaona kwenye simu wanatumia pikapu nyingine kabisa, kama Ford F-350 au Ram 3500, nyingi zikiwa na matairi manne nyuma na uwezo wa kubeba zaidi ya tani 2. Ni pikapu kwa jina, kwa kazi ni lori dogo. Ukikata shingo ya tela lao na kuipachika kwenye Hilux, umeazima kofia ya mtu mwenye kichwa kikubwa. Na fundi akikushauri kuweka sahani ndani ya bodi lakini nyuma ya ekseli "ili tela likate kona vizuri", mkatalie. Mtarimbo ule ule utarudi.

Kwa nani basi tela la shingo linafaa? Kwa kikundi cha wafugaji au mfanyabiashara mwenye lori, si kwa boma moja lenye pikapu. Huo ni ushauri wetu, na hesabu umeiona.

Kiungio chenyewe

Hapa Kilombero tuna mfano mzuri wa vitu viwili vinavyofanana kwa macho lakini havikubaliani. Reli ya TAZARA inayopita Ifakara ina upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati ina milimita 1,000. Tofauti ni upana wa vidole vichache, lakini behewa la huku haliingii kule, na ndiyo maana Kidatu pakajengwa mahali pa kuhamishia mizigo kutoka reli moja kwenda nyingine.

Gololi ya kuvutia ina tofauti ndogo kuliko hiyo, nayo inaua. Kuna gololi za milimita 50 na kuna za milimita 48 hivi, kulingana na nchi gari au tela lilikotoka. Kikombe cha tela cha milimita 50 kitaikalia gololi ya 48, kitafungwa, na kitaonekana sawa kabisa. Kisha kwenye shimo la kwanza kubwa kitaruka. Namba huwa imeandikwa juu ya gololi au kwenye kikombe. Isome. Ikiwa imefutika, pima kwa kifaa cha fundi, si kwa rula.

Kiungio kifungwe kwenye chesisi, kamwe kisifungwe kwenye bampa. Pini iwe pini ya kazi hiyo, yenye kizuizi chini. Nondo si pini. Nondo imetengenezwa kukaa ndani ya zege, na ikigongwagongwa na tela inakunjwa na kukatika. Msumari unaoshikilia nondo isichomoke ni hatari nyingine tena.

Cheni za usalama ziwe mbili, zipite chini ya mkono wa tela kwa kupishana kama herufi X. Kiungio kikikatika, mkono utaangukia juu ya cheni badala ya kuchimba barabara. Ziache na ulegevu wa kutosha kukata kona, zisiburuzike.

Kwa wenye semi au wanaokodi: tela likishaunganishwa, mlio wa "klak" haukuhakikishii kitu. Ingia chini na tochi uone kufuli limeizunguka pini kweli na kwamba hakuna mwanga kati ya sahani na tela. Halafu funga breki za tela, weka gia ya chini, uvute taratibu.

Tairi za tela

Tela nyingi zinavaa tairi zilizotolewa kwenye gari dogo. Pembeni ya tairi, baada ya ukubwa wake, kuna namba ya uzito. Namba 91 maana yake tairi hilo linabeba kilo 615. Namba 100 ni kilo 800, na 112 ni kilo 1,120. Tela la magurudumu manne yenye 91 linabeba kilo 2,460 kwa jumla, tairi zikiwa mpya na zimejazwa upepo kamili. Tela letu la ng'ombe sita lina 3,000.

Kupima uzito wa kiungio bila mashine

Hii inafanyika kijijini kwa mizani ya jukwaa inayotumika kununulia mpunga. Weka tela mahali pasawa, likiwa na mzigo, na uzuie magurudumu kwa mawe mbele na nyuma. Chukua ubao mgumu, upande mmoja ukae juu ya tofali, wa pili juu ya mizani. Soma kwanza uzito wa ubao peke yake. Kisha teremsha mkono wa tela juu ya ubao, mahali palipo karibu na tofali: kama kutoka tofali hadi mizani ni sentimita 90, mkono ukae sentimita 30 kutoka tofali. Soma mizani, toa ule uzito wa ubao, zidisha mara tatu. Mizani ikionyesha nyongeza ya kilo 100, kiungio kinabeba 300. Mkono uwe kwenye urefu ule ule utakaokuwa nao ukiungwa, na asikae mtu yeyote chini yake.

Usipopata mizani, pima kwa kamba urefu wa bampa la nyuma kutoka ardhini kabla na baada ya kuunga. Gari likilala nyuma hadi taa zinamulika matawi ya miembe, una jibu.

Trekta na pawatila

Kwa kazi za humu bondeni, kutoa pumba mashineni, kupeleka maji au kumtoa ng'ombe mgonjwa malishoni, trekta na pawatila zinafaa kuliko pikapu. Maji, kwa njia, ni kilo 1 kwa kila lita. Tangi la lita 1,000 ni tani moja, na likiwa nusu ni baya zaidi kwa kuyumba, maana maji yanakimbilia upande gari linakoelekea.

Trekta livute kwa sehemu ya chini iliyotengenezwa kuvutia, chini ya ekseli ya nyuma. Ukifunga cheni au tela juu ya ekseli, trekta likikwama kwenye tope linaweza kujipindua kinyumenyume na kumlalia dereva, na halimpi muda wa kukanyaga klachi. Tela lisilo na breki lisizidi uzito wa trekta lenyewe. Na usipeleke mzigo wote nyuma ya ekseli ya tela ili "kulipunguzia trekta": matairi ya trekta yanahitaji uzito kidogo juu yake ili yashike kwenye udongo mweusi wa mbuga.

Pawatila inahitaji onyo la pekee, kwa kuwa mara nyingi ni vijana wetu wanaoiendesha. Pawatila hukata kona kwa kubana kishikio cha upande unaotaka kwenda. Kwenye tambarare, ukibana cha kushoto unakwenda kushoto. Kwenye mteremko, tela likiisukuma kutoka nyuma, ukibana cha kushoto inakwenda kulia. Sababu ni kwamba gurudumu uliloliachia halishikiliwi tena na injini, linakimbia kuliko mwenzake. Kijana asiyejua hili anabana zaidi, na pawatila inazidi kumpeleka mtaroni. Kwenye mteremko usibane kabisa. Geuza kwa kusukuma mikono ya pawatila, ingiza gia ndogo ukiwa bado juu kabla ya kuanza kushuka, usibadilishe gia katikati, na tumia breki ya tela. Mzigo usizidi tani moja. Mfundishe kwenye kilima kidogo, tela likiwa tupu, kabla hujamkabidhi ng'ombe.

Na watoto wasikae kwenye mkono wa tela. Wanapapenda kwa sababu ni kama kiti. Akiteleza, gurudumu liko nyuma yake moja kwa moja.

Kuwapakia

Ng'ombe si gunia, anahama. Gari likipanda, wote wanarudi nyuma, na uzito uliopima asubuhi haupo tena. Weka kizuizi katikati ya tela, wakubwa mbele ya ekseli, wadogo nyuma, na wajazwe kwa kiasi cha kusimama bila kuangukiana. Wakiwa watatu tu kwenye tela la sita, wote wakae sehemu ya mbele na ya katikati, kizuizi kifungwe nyuma yao. Sakafu iwe na mchanga au pumba ili wasiteleze.

Tela likianza kuyumba, usifunge breki za gari kwa nguvu wala usiongeze mwendo. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, liache lipungue lenyewe. Kisha simama, urekebishe mzigo.

Zamani, anayetoka Ulanga alilazimika kusubiri kivuko, na wakati huo watu walizunguka magari yao wakiangalia kamba na tairi. Tangu daraja la Magufuli, lenye mita 384, lifunguliwe 2018, tunapita bila kusimama. Jiwekee kituo chako. Baada ya kilomita chache za kwanza teremka, gusa tairi na vitovu vya magurudumu kama vina moto, tazama pini, cheni na ng'ombe aliyelala.

Kwa safari ya Pugu, ushauri wetu ni kuungana na majirani mkodi lori. Gharama kwa ng'ombe mmoja huwa ndogo kuliko kuua pikapu kwenye milima ya kati ya Kidatu na Mikumi. Kwa lori au kwa tela, chukua kibali cha kusafirisha mifugo kwa afisa mifugo kabla ya kupakia, kama inavyotakiwa na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Chombo chenye uzito wa tani 3.5 na zaidi kijiandae pia kupita mizani ya barabara.

Ukifika, washushe ng'ombe tela likiwa bado limeungwa kwenye gari. Wengi huchomoa pini kwanza ili gari liende kuegeshwa. Ukifungua mlango, ng'ombe wote wanakimbilia nyuma ya ekseli, na mkono wa tela unaruka juu kwa nguvu ya tani nzima. Aliyekuwa ameinama pale mbele kufungua cheni ndiye unayempata.